In the End ya The Cranberries: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu albamu yao ya mwisho

Wengi wetu tunawajua The Cranberries kwa nyimbo mbili tatu tu: Zombie, Linger, labda na Ode to My Family. Siku moja mtu anakutana na albamu yao ya mwaka 2019 na kushtuka, kwa maana anajua mwimbaji wao alifariki mwaka mmoja kabla. Hapo maswali yanaanza. Yafuatayo ndiyo yanayojirudia zaidi.

Kwa ufupi, The Cranberries ni akina nani?

Ni bendi ya watu wanne kutoka Limerick, mji wa kusini-magharibi mwa Ireland. Noel Hogan alipiga gitaa, mdogo wake Mike Hogan alipiga besi, Fergal Lawler alikaa kwenye ngoma, na Dolores O'Riordan aliimba na kuandika mashairi. Vijana hao watatu walianza mwaka 1989 wakiwa na mwimbaji mwingine, Niall Quinn. Alipoondoka, mwaka 1990, alikuja kujaribiwa binti kutoka Ballybricken, kijiji kilichoko nje ya mji, ambaye alikuwa amezoea kuimba na kupiga kinanda kanisani.

Muziki wao ni pop rock: gitaa la umeme linanguruma, lakini ule mwendo wa sauti hata mtoto anaweza kuushika akausindikiza. Albamu ya kwanza ilitoka 1993. Ya pili, No Need to Argue ya 1994, ndiyo iliyowapeleka dunia nzima. Kwa jumla wanahesabiwa kuwa wameuza zaidi ya albamu milioni 40.

In the End ilitoka lini?

Tarehe 26 Aprili 2019, chini ya lebo ya BMG, ikiwa na nyimbo 11. Ila wimbo wa kwanza kuachiwa, All Over Now, ulitangulia kwa zaidi ya miezi mitatu. Uliachiwa tarehe 15 Januari 2019, siku Dolores alipotimiza mwaka tangu afariki. Walichagua siku hiyo makusudi. Badala ya mashabiki kukaa siku nzima wakipiga nyimbo za zamani na kulia, wakapewa wimbo ambao hawajawahi kuusikia, marehemu mwenyewe akiimba.

Kama alifariki Januari 2018, sauti yake imetoka wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake lina historia ya miaka karibu 28.

Siku Dolores alipokuja kujaribiwa mwaka 1990, Noel alimpa kaseti yenye mapigo ya gitaa tupu, hayana hata neno moja. Akaenda nayo nyumbani. Aliporudi alikuwa na Linger. Tangu hapo huo ukawa ndio utaratibu wao wa kutunga: Noel anatengeneza muziki peke yake, anautuma, Dolores anaukalia kwake, anauwekea maneno na sauti, anaurudisha. Kaseti zilipopitwa na wakati wakahamia kwenye mafaili ya kompyuta, na baadaye barua pepe, kwa sababu kwa miaka mingi waliishi mbali mbali, tena katika mabara tofauti. Watu wengi wanadhani bendi hutunga kwa kukaa chumba kimoja na kupigapiga mpaka wimbo utoke. Hawa haikuwa hivyo.

Mwaka 2017 walikuwa njiani na ziara ya albamu yao Something Else. Mwezi Mei, ziara ikiendelea, Noel na Dolores wakaanza kuandika nyimbo mpya. Baadaye mgongo wa Dolores ukamsumbua sana, madaktari wakamkataza kusafiri, na sehemu kubwa ya ziara ikafutwa. Kwa mashabiki waliokwisha kununua tiketi lilikuwa pigo. Kwa albamu hii, ndipo muda wa kuandika ulipopatikana. Kufikia majira ya baridi ya mwaka huo walikuwa na demo, yaani rekodi za majaribio, za nyimbo 11, na katika kila moja Dolores alikuwa amekwisha kuimba.

Kwa hiyo alipofariki, hakuacha vipande vya karatasi wala mistari aliyoinong'ona kwenye simu. Aliacha nyimbo zenye mwanzo, kiitikio na mwisho. Kilichokosekana ni bendi: ngoma halisi, besi halisi, magitaa yaliyorekodiwa vizuri. Na wapigaji wa hayo yote walikuwa hai.

Walirekodi wapi, na nani alisimamia?

London, mwaka 2018, miezi michache baada ya mazishi. Prodyuza alikuwa Stephen Street, yule yule aliyetengeneza albamu zao mbili za kwanza, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na The Smiths, bendi ambayo The Cranberries walikua wakiisikiliza. Nafikiri huu ndio uamuzi mmoja uliookoa albamu. Prodyuza mgeni angeweza kushawishika kupamba sauti ya marehemu kwa kila aina ya vikorombwezo. Street alimjua Dolores tangu akiwa msichana wa miaka ya ishirini na kidogo. Alijua sauti ile inajitosheleza, na kazi yake ilikuwa kuiondolea vizuizi.

Jaribu kufikiri hali ya studio yenyewe. Kawaida bendi hupiga kwanza, mwimbaji akaja mwishoni. Hapa mambo yaligeuka: mwimbaji alikwisha kumaliza, na watatu waliobaki wakavaa vipokea sauti, wakapiga muziki kuifuata sauti ya rafiki yao waliyekuwa wamemzika majuzi. Noel ameeleza katika mahojiano kwamba mchana kazi iliwashughulisha, ila jioni vyombo vikinyamaza ndipo uzito ulipowaangukia.

Je, walitumia akili mnemba kutengeneza sauti yake?

Hapana. Sauti kuu unayoisikia mwanzo hadi mwisho ni ya Dolores, kaimba mwenyewe akiwa hai. Swali hili limeongezeka tangu Novemba 2023, The Beatles walipotoa Now and Then, ambapo kompyuta ilitumika kuichomoa sauti ya John Lennon kutoka kwenye kaseti ya zamani ambako ilikuwa imefunikwa na piano. Hata pale hakuna sauti iliyobuniwa, ilisafishwa tu. Kwenye In the End hata hilo halikuhitajika, kwa kuwa sauti ilirekodiwa kwa vyombo vya siku hizi.

Mbona mahali pengine nasikia mwanamke mwingine nyuma yake?

Una masikio mazuri. Ni Johanna Cranitch, mwimbaji aliyewahi kuzunguka nao jukwaani akimwitikia Dolores. Mtu anayezijua albamu za zamani anakumbuka kwamba Dolores alikuwa na tabia ya kujipanga mwenyewe kwa mwenyewe: anaimba sauti kuu, kisha anarudi na kujiitikia mara tatu, mara nne, mpaka inakuwa kama kwaya ya ndugu mapacha. Hatua hiyo huja mwishoni mwa kurekodi, na yeye hakuifikia. Cranitch aliyajua maitikio yake kwa kuyaimba usiku baada ya usiku, kwa hiyo akayajaza bila kujitokeza mbele. Haigi lafudhi ya Limerick wala ile kwikwi ya sauti inayovunjika ghafla kooni, ambayo ndiyo saini ya Dolores.

Familia iliridhia?

Ndiyo, na waliulizwa kwanza. Noel alipozisikiliza demo zote kwa utulivu aliona kuna albamu humo, lakini aliogopa kwamba wakitoa kitu dhaifu watalichafua jina la bendi. Aliongea na Mike na Fergal, kisha wakaenda kwa ndugu wa Dolores. Familia ikasema endeleeni. Mwezi Machi 2018 bendi ikatangaza hadharani kwamba albamu itamaliziwa.

Dolores alifariki vipi?

Alikutwa amefariki asubuhi ya tarehe 15 Januari 2018 katika hoteli moja ya London, akiwa na umri wa miaka 46. Uchunguzi wa kisheria ulihitimishwa tarehe 6 Septemba 2018, siku ambayo angetimiza miaka 47, na ukaamua kwamba ilikuwa ajali: alizama ndani ya bafu akiwa amelewa pombe. Hapakuwa na ushahidi wa kujiua wala wa kudhuriwa na mtu. Alikuwa London kwa shughuli za muziki, na siku ile ile alitarajiwa kuimba katika toleo jipya la Zombie la bendi ya Marekani, Bad Wolves. Wao walilitoa siku chache baadaye bila sauti yake, na mapato wakawapa watoto wake watatu. Misa ya mazishi ilifanyika kijijini kwao Ballybricken tarehe 23 Januari.

Wimbo wa kwanza unataja hoteli ya London. Alikitabiri kifo chake?

Kweli, All Over Now unaanza na ugomvi wa wawili hotelini London. Nimeona watu wakiapa kwamba hiyo ni ishara. Mimi siamini. Wimbo unamzungumzia mwanamke aliyepigwa na mwenzake, anayewaambia watu kwamba ameanguka, kwa sababu ya aibu na hofu. Ukishasema ni utabiri, yule mwanamke anatoweka, na ndiye wimbo ulioandikwa kwa ajili yake. Zaidi ya hayo, msanii aliyezunguka dunia kwa miaka 25 amelala hoteli za London mara nyingi mno. Hakuna ajabu kuziandika.

Vivyo hivyo kwa kichwa cha albamu na majina kama Wake Me When It's Over. Yakisomwa leo yanasikika kama wosia. Yalipoandikwa, Dolores alikuwa akizungumzia zaidi kufunga kurasa za maisha yake: ndoa yake ya miaka 20 ilikuwa imevunjika, na mwaka 2017 alikuwa ameeleza wazi kwamba ana maradhi ya akili yanayompandisha na kumshusha hisia. Alikuwa akiandika kuhusu kuanza upya. Ukisikiliza na hilo kichwani, albamu inakuwa nyepesi kuliko unavyotarajia.

Ni albamu yao ya saba au ya nane?

Ya nane. Wanaosema ya saba huiruka Something Else ya Aprili 2017, kwa sababu ilikuwa na nyimbo kumi za zamani zilizopigwa upya pamoja na Irish Chamber Orchestra. Lakini ilirekodiwa studio na ilikuwa na nyimbo tatu mpya, kwa hiyo inahesabika. Orodha kamili: Everybody Else Is Doing It, So Why Can't We? (1993), No Need to Argue (1994), To the Faithful Departed (1996), Bury the Hatchet (1999), Wake Up and Smell the Coffee (2001), Roses (2012), Something Else (2017) na In the End (2019). Pengo la kati ya 2001 na 2012 ni kwa sababu bendi ilipumzika kuanzia 2003, Dolores akatoa albamu mbili zake mwenyewe, na wakarudiana 2009.

Sina muda wa nyimbo 11. Nianze na zipi?

Anza na All Over Now. Gitaa la Noel linaingia na mwangwi wa miaka ya 1980, ngoma za Fergal zinakimbia, na ndani ya sekunde chache unajua uko kwa The Cranberries na si kwingine.

Kisha Wake Me When It's Over, kama wewe ni mtu wa Zombie. Beti zake zinatembea kwa kunyata, kiitikio kinalipuka. Wengine wamelalamika kwamba ni marudio. Labda ni kweli, lakini wenye haki ya kurudia ni wao wenyewe.

Lost unastahili kusikilizwa usiku, pasipo kelele. Unaanza taratibu na unavimba polepole, na Dolores anaimba kuhusu kupotea bila kujitetea. Hapa ndipo ninapoona faida ya demo. Mwimbaji akijua kwamba anarekodi toleo la mwisho, hujipanga, hunyoosha kila noti. Kwenye demo hana wa kumwonyesha kitu. Kuna mikwaruzo midogo kwenye sauti ambayo, nadhani, angeirudia na kuisafisha kama angepata nafasi, na sisi tungeikosa.

Catch Me If You Can una piano na kiza. Summer Song una jua, na unamkumbusha mtu kwamba Dolores alijua pia kufurahi. Malizia na wimbo wenyewe wa In the End, ambao ni mtulivu na una maneno machache kuhusu mtu aliyepata kila alichokitaka akagundua sicho. Got It, Illusion na Crazy Heart ni nzuri zikiwa mahali pake kwenye albamu, lakini si za kuanzia. The Pressure mimi huwa naupita.

Zombie ni wimbo ule ule wa Fela?

Hapana, ni nyimbo mbili tofauti kabisa, ingawa zote zina hasira na watu wenye silaha. Zombie ya Fela Kuti ni ya miaka ya 1970 na inawakejeli wanajeshi wa Nigeria wanaotii amri bila kufikiri. Ya The Cranberries ni ya 1994. Dolores aliiandika baada ya mabomu ya IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, kulipuka katika mji wa Warrington, Uingereza, tarehe 20 Machi 1993, na kuua watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miaka 12. Video yake ilifikisha watazamaji bilioni moja kwenye YouTube mwezi Aprili 2020. Kwenye In the End haimo.

Kwa nini hawakutafuta mwimbaji mwingine wakaendelea?

Kwa sababu hawakutaka, na walisema mapema. Septemba 2018, albamu ikiwa bado haijatoka, Noel alikwisha kueleza kwamba The Cranberries bila Dolores haipo. Hapakuwa na ziara ya kuitangaza albamu, hapakuwa na mgeni kwenye kipaza sauti chake. Walifanya mahojiano, wakaitoa, wakafunga.

Kibiashara huo ni ujasiri. Siku hizi albamu mpya mara nyingi huwa ni tangazo la matamasha, kwa maana pesa ziko kwenye tiketi. Kutoa albamu huku ukijua hutapanda jukwaani hata mara moja kuiimba ni kuiambia lebo kwamba itajiuza yenyewe au basi.

Lakini Queen si waliendelea baada ya Freddie Mercury?

Huu ndio mfano unaotujia haraka sisi wa pwani, kwani Freddie alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946. Alifariki Novemba 1991, na Made in Heaven ikatoka Novemba 1995, miaka minne baadaye. Katika miezi yake ya mwisho aliimba alichoweza huko Montreux, Uswisi, wenzake wakakimalizia baada yake. Katika Mother Love hakufika kwenye ubeti wa mwisho, ukaimbwa na Brian May.

Kuna kufanana, ila tofauti ni kubwa. Freddie alijua kwamba anaondoka na aliimba kwa kushindana na muda. Dolores alikuwa akipanga mwaka unaofuata. Made in Heaven ilijazwa pia kwa nyimbo za zamani zilizofumuliwa na kushonwa upya, zikiwemo za albamu ya Freddie mwenyewe. In the End ilitoka kwenye msimu mmoja wa uandishi, ndiyo maana imeshikana zaidi. Na Queen baadaye waliendelea na matamasha wakiwa na waimbaji wengine, Paul Rodgers kisha Adam Lambert. Kila bendi na msiba wake. Siwezi kuwalaumu, lakini njia ya watu wa Limerick naielewa zaidi.

Ilipata tuzo?

Iliteuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya rock katika sherehe za Januari 2020. Ulikuwa uteuzi wa kwanza wa Grammy katika historia yao yote. Ndiyo, hata Zombie na Linger hazikuwahi kuteuliwa. Tuzo ilikwenda kwa Cage the Elephant na albamu yao Social Cues.

Ni nzuri kweli, au tunaionea huruma?

Si bora kuliko mbili za kwanza, na sidhani kama wenyewe wangedai hivyo. Upande wa pili umelegea kidogo, na kuna nyimbo ambazo bila shaka Dolores angezibadilisha maneno kama angekuwepo studio. Lakini ukiiweka kando ya Wake Up and Smell the Coffee au Roses, inasimama juu. Magitaa yana nguvu, nyimbo ni fupi, hakuna hotuba ya kumsifu marehemu, hakuna sauti ya simu iliyopachikwa kati ili tutokwe na machozi. Mtu asiyejua habari yoyote ya kifo angeisikiliza akadhani ni bendi ya makamo iliyopata upepo mpya. Hicho ndicho kipimo changu, na inakipita.

Nikishaimaliza, nisikilize nini?

Rudi Something Else ya 2017, usikie sauti ile ile ya mwaka ule ule ikiwa na vinanda vya nyuzi badala ya umeme. Kisha tafuta toleo la miaka 25 la albamu ya kwanza, lililotoka Oktoba 2018, ambalo ndani yake kuna rekodi za awali za tangu enzi za kaseti. Ukitaka kumsikia Dolores nje ya bendi, kuna Are You Listening? ya 2007, na kuna Science Agrees ya 2016 aliyoitoa na kundi la D.A.R.K. pamoja na Andy Rourke, aliyekuwa mpiga besi wa The Smiths. Hiyo ya mwisho ina mashine nyingi na gitaa kidogo, wengine haiwakai.